Weird na wanweird: Kiskoti cha kale kilivyoutaja mkosi

Ukisoma mashairi ya Uskoti ya karne ya 15 na ya 16 kwa macho ya Kiingereza cha leo, neno litakalokupoteza mapema ni weird. Kiingereza cha sasa hulitumia kama sifa ya kitu cha ajabu, kisichokaa sawa. Mskoti wa enzi zile hakulijua hivyo. Kwake weird lilikuwa nomino: fungu alilokatiwa mtu, yale aliyoandikiwa. Na alipotaka kusema fungu hilo ni baya, aliweza kulitia kiambishi likawa wanweird, yaani mkosi ambao mtu amepangiwa, si kule kujikwaa njiani kwa mtu asiyetazama mbele.

Wengi wanaolieleza neno hili hukata kona wakasema weird maana yake ni mkosi, basi. Si kweli. Lenyewe halikuwa jema wala baya. Ubaya liliongezewa, na kuna njia tatu zilizotumika kuuongeza: kitenzi kilichotangulia, sifa iliyoambatana nalo, na kiambishi wan-. Anayezitambua njia hizo tatu hasumbuki tena na mistari mingi inayowatoa wengine jasho.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa lugha yenyewe. Kiskoti si Kigaeli. Kigaeli ni jamaa ya Kiairishi na kinazungumzwa zaidi katika visiwa vya magharibi na nyanda za juu. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza. Vyote viwili vimezaliwa na Kiingereza cha Kale, ila Kiskoti kilitokana na tawi la kaskazini kikakua chini ya wafalme wake, mahakama zake na washairi wake. Undugu huo ndio mtego. Maneno yanafanana sura, maana zimeachana.

Katika Kiingereza cha Kale neno lilikuwa wyrd, lenye uhusiano na kitenzi weorþan, “kuwa” au “kugeuka kuwa”, ambacho Kijerumani bado kinacho kama werden. Kwa hiyo kiini chake ni “yanayokuja kuwa”. Huko Skandinavia ndugu yake ni urðr, na Urd ni jina la mmoja wa wanawake watatu wanaowapangia watu maisha katika visa vya kale vya watu wa kaskazini. Hata kusini mwa Uingereza neno lilikuwa hai bado katika miaka ya 1380: mshairi Mwingereza Chaucer, katika utenzi wake wa Troilus na Criseyde, anamwita Bahati “executrice of wierdes”, mwenye kutekeleza yaliyopangwa. Baadaye kusini likafifia. Kaskazini likabaki, na ndiyo sababu tahajia ambayo dunia nzima inaitumia leo, yenye -ei-, ni ya Kiskoti. Katika maandishi ya Kiskoti herufi i iliyowekwa baada ya irabu nyingine mara nyingi haisomwi peke yake. Kazi yake ni kuonyesha kwamba irabu imerefushwa. Weird husomwa kwa silabi moja, “wiird”, na r inasikika.

Kwamba neno lilikuwa halina upande, ushahidi mzuri uko katika wimbo wa masimulizi wa Thomas the Rhymer, ambao mwandishi wa Uskoti Walter Scott aliuchapisha mwaka 1802. Malkia wa nchi isiyo ya wanadamu anamwonya Thomas kwamba akimbusu atakuwa mali yake. Thomas anajibu: “Betide me weal, betide me woe, / That weird shall never daunton me.” Iwe heri iwe shari, weird hiyo haitanitisha. Laiti weird ingekuwa mkosi kwa maana yake ya asili, mstari wa kwanza usingekuwa na kazi yoyote. Methali iliyo katika mkusanyo wa James Kelly wa mwaka 1721 nayo inakwenda hivyo hivyo: “After word comes weird”, neno likishatamkwa, jambo hulifuata. Sisi husema kinywa huumba, na kinywa kinaweza kuumba kheri kama kinavyoweza kuumba balaa.

Lilikuwa pia kitenzi. Katika wimbo wa Kempion, mama wa kambo anamlaani binti kwa kusema “I weird ye to a fiery beast”: nakuandikia uwe mnyama wa moto. Hapa anayeandika fungu ni mtu, si mbingu, na laana hiyo inawekewa masharti yake ya kufunguliwa, kwamba mwana wa mfalme aje ambusu mara tatu. Msomaji asiyejua kwamba weird inaweza kunyambuliwa kama kitenzi hudhani mstari una kosa la chapa.

Sasa njia ya kwanza ya ubaya, kitenzi. Kiskoti kina kitenzi dree, ambacho zamani kiliandikwa dre au drie. Maana yake ni kubeba taabu na kuistahimili mpaka iishe. Mtu ha-dree karamu wala harusi. Kwa hiyo “dree one’s weird” ni kuyabeba uliyoandikiwa bila njia ya kuyakwepa, na huo uzito wote unatoka kwenye kitenzi. Riwaya za Scott za mwanzoni mwa karne ya 19 ziliusambaza usemi huu kwa wasomaji wa Kiingereza waliokuwa hawaujui, ukaanza kusikika kama usemi wa kishairi wa “kufa na bahati mbaya yako”. Jirani wa dree ni thole, nacho ni kustahimili, ila thole kimeota mizizi mahali ambapo hukutarajia: mahakamani. Katika sheria ya Uskoti, mtu aliyekwisha kushtakiwa na kuhukumiwa husemwa ame-“tholed his assize”, ameikalia kesi yake hadi mwisho, na kwa kanuni hiyo hakuweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Sheria ya mwaka 2011 imeiandika kanuni hiyo upya na kuitolea vighairi. Dree haikupata makao ya namna hiyo. Imebaki ikibebwa na weird mgongoni.

Njia ya pili ni sifa, na mfano wake bora uko kwa Robert Henryson, mshairi wa Dunfermline wa mwishoni mwa karne ya 15. Katika The Testament of Cresseid, mwanamke aliyekuwa mrembo wa Troya ameadhibiwa na miungu kwa ukoma. Usiku wake wa kwanza katika nyumba ya wakoma anajililia:

“Fell is thy fortoun, wickit is thy weird,
Thy blys is baneist, and thy baill on breird.”

Tuuchambue, maana ndani ya mistari hii miwili kuna somo zima. Fell ni katili. Fortoun ni neno la Kifaransa lililokwisha kuhamia. Weird ni la wenyeji. Henryson anaweka la mgeni na la mwenyeji bega kwa bega, kila moja na sifa yake mbaya, na herufi za mwanzo zikiitikiana: f na f, w na w. Laiti weird ingekuwa mbaya yenyewe, wickit ingekuwa marudio tu. Halafu mstari wa pili: blys, furaha, imefukuzwa kama mtu afukuzwavyo nchini, baill ni majonzi, nayo yako on breird. Breird ni neno la shamba, nalo lingali linatumika huko: ni ncha za kijani za nafaka zinapotokeza udongoni kwa mara ya kwanza. Mkosi wa Cresseid, basi, haujafika kilele. Ndiyo kwanza unachipua. Tafsiri inayoandika “huzuni yako ni kubwa” imeua kitu kizuri kuliko vyote katika mstari huo, kwa sababu mshairi anasema kinyume: bado ni ndogo, na itakua.

Njia ya tatu ni kiambishi wan-, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Wan- ni ndugu wa neno linalotajwa mwezi unapopungua, wane. Maana yake ni upungufu, kukosekana kwa kilichotakiwa kuwapo. Watu hukipa wan- nguvu ya un- ya Kiingereza, yaani ukanushaji mtupu, na hapo ladha hupotea. Wanhope si “kutokuwa na tumaini” tu bali tumaini lililokauka, kukata tamaa. Wanrest ni raha iliyoharibika, mahangaiko. Wanthriven ni kiumbe kilichodumaa, kilichostahili kunawiri kikashindwa. Wanworth ni kitu kisicho na thamani, au kilichouzwa kwa bei ya kutupa. Wanweird, kwa mantiki hiyo hiyo, ni fungu lenye kasoro: mtu alikatiwa chake kama wengine, ila alichokatiwa ni kibovu. Kuna pia wanhap na wanluck, ambazo ni nyepesi zaidi, za bahati ya siku na si za majaaliwa ya maisha.

Kiambishi hiki hakikuwa cha Waskoti peke yao. Kiholanzi kinacho hadi leo na kinakitumia kila siku: wanhoop ni kukata tamaa, wanorde ni vurugu, wantrouwen ni kutoaminiana. Kideni kina vanskæbne, lililojengwa vile vile kama wanweird, upungufu mbele na majaaliwa nyuma. Kiingereza cha kusini kilikiacha, isipokuwa masalio moja ambayo wenyewe hawayatambui: wanton, mtu asiye na staha, ambalo asili yake ni wan- na kitenzi cha kulea, yaani aliyelelewa vibaya.

Katika karne ya 18 wan- ilikuwa bado silaha mkononi mwa washairi wa Kiskoti, tena zaidi kwa kejeli na matusi. Robert Fergusson mwaka 1772 aliitukana kengele ya kanisa la Tron la Edinburgh kwa maneno “wanwordy, crazy, dinsome thing”, kitu kisichostahili, kilichopasuka, cha makelele. Mshairi Robert Burns, katika kitabu chake cha kwanza kilichochapishwa Kilmarnock mwaka 1786, anaye kondoo jike aitwaye Mailie aliyefungwa malishoni. Kwato likanaswa kwenye kamba, akapinduka mtaroni. Katika maombolezo yake, Burns anailaani kamba: “that vile, wanchancie thing”. Wanchancie ni -enye mkosi, lakini pia ni -a hatari, kitu kisichofaa kuchezewa. Chance ni Kifaransa, wan- ni kiambishi cha wenyeji, vikaoana bila ugomvi. Na kamba hiyo si ya kondoo tu; mistari inayofuata inagusa ile inayofanya watu wazima wakenue meno kwa kukabwa, yaani kitanzi. Atakayetafsiri “kamba ya bahati mbaya” atakuwa sahihi nusu, kwa sababu hofu imemtoka mkononi.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kulielewa suala lote hili: neno ajali. Limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa siku ya kufa iliyokwisha kuandikwa. Kwa wazee na katika tungo za kale za pwani, ajali ya mtu ni saa yake, na saa hiyo haina kinga. Leo mtu akisema “kuna ajali barabarani” hafikirii maandiko yoyote; anafikiria gari lililopinduka. Neno la mpango wa Mungu limekuwa neno la tukio baya. Weird ilipita njia hiyo ila haikufika mwisho wake, kwa sababu kabla haijafika ilinyakuliwa na jukwaa la London.

Kisa cha kunyakuliwa ni hiki. Karibu na mwaka 1420 Andrew wa Wyntoun, mkuu wa nyumba ya watawa katika kisiwa cha Loch Leven, aliandika historia ya Uskoti kwa mashairi. Humo Macbeth, aliyekuja kuwa mfalme wa Uskoti, anaota, na katika ndoto anawaona wanawake watatu anaowadhania kuwa “werd systrys”, dada wa majaaliwa. Ni ndoto, hakuna chungu wala radi kama katika tamthilia ya Shakespeare. Gavin Douglas, aliyemaliza kumtafsiri mshairi wa Kirumi Virgil kwa Kiskoti tarehe 22 Julai 1513, wiki chache kabla ya jeshi la Uskoti kuangamizwa katika vita vya Flodden tarehe 9 Septemba, aliwaita hivyo hivyo miungu watatu wa majaaliwa wa Kirumi. Kwake “weird sisteris” ndio wanaomkataza mtabiri kujua yaliyosalia. Hawa ni wenye mamlaka, si vikongwe wa msituni. Kisa cha Macbeth kikapita kwa wanahistoria wengine wa Uskoti hadi kwa Mwingereza Holinshed, ambaye mwaka 1577 aliona lazima awaeleze wasomaji wake kwamba weird sisters ni kama kusema miungu wa kike wa majaaliwa. Ufafanuzi huo wenyewe unaonyesha kwamba kusini neno lilikuwa limekuwa geni.

Shakespeare akalichukua hapo. Toleo kubwa la tamthilia zake la mwaka 1623 halina weird katika Macbeth hata mara moja; mahali pake kuna weyward mara tatu na weyard mara tatu. Haijalishi nani alisababisha, dalili ni kwamba neno halikuwa na tahajia ya kawaida tena mjini London. Mhariri Theobald alirudisha weird mwaka 1733, na tangu hapo kila msomaji alikutana na neno hili likiwa limekaa mbele ya wanawake watatu wa kutisha, mahali ambapo Kiingereza huweka sifa. Likasomwa kama sifa. Kufikia mwaka 1816 mshairi Mwingereza Shelley anaandika usiku unaotoa “a weird sound”, mlio wa kutisha usio wa dunia hii, na kutoka hapo hadi “ajabu” ya leo ni hatua fupi. Kwa maoni yetu huu ni mmoja wa wizi wa lugha uliofanikiwa mno: tahajia ya Kiskoti imebaki, maana ya Kiskoti imetupwa.

Anayetaka kuyasoma maandishi haya mwenyewe na aanze na tahajia. Quh- ni wh- ya Kiingereza, kwa hiyo quhat ni “nini” na quhar ni “wapi”. Mwisho wa -is ni wingi au umiliki, -it au -t ni wakati uliopita: werdis ni mafungu, baneist ni aliyefukuzwa. U, v na w hubadilishana nafasi, vivyo hivyo i na y. Neno moja, basi, linaweza kukujia kama werd, weyrd, weird, wierd au werde, na wanweird kama wanwerd. Katika chapa za zamani y inaweza kuwa badala ya herufi ya “th”, hivyo ye ni ama “ninyi” ama alama ya kutaja kitu maalumu. Mazingira ya sentensi ndiyo huamua. Angalia pia ni nani aliyechapa. The Testament of Cresseid lilichapwa London mwaka 1532 likiwa limebandikwa nyuma ya utenzi wa Chaucer, na wengi wakadhani ni lake. Chapa ya Edinburgh ya mwaka 1593 ndiyo yenye sura ya Kiskoti. Ukichanganya chapa mbili katika nukuu moja utatoa mstari ambao Henryson hakuuandika.

Kisha jihadhari na yanayofanana. Si kila wan ni kiambishi. Wan ni pia wakati uliopita wa win, “alishinda” au “alifika”. Wan pekee ni sifa, -liyokwajuka au -a giza, na nyimbo za masimulizi zimejaa “wan water”, maji meusi ya mto. Wapo wanaoyafanya maji ya mkosi, na pengine mhusika anazama kweli, lakini neno halisemi hivyo. Katika Kiskoti cha leo wan huweza kuwa “moja”. Wird nayo mara nyingi ni “neno”, si majaaliwa. Jaribio rahisi: tafuta jirani zake. Ukiona dree, ill, wickit au read karibu, uko kwenye majaaliwa, kwani “read a weird” ni kutabiri, na weird-wife ni mwanamke mpiga ramli.

Kamusi zimegawanyika mwaka 1700, na wengi hukwama hapo. Kamusi ya Kiskoti cha kale, juzuu 12 zilizokamilika mwaka 2002, inaishia 1700. Kamusi ya taifa ya Kiskoti, juzuu 10 zilizotolewa kati ya 1931 na 1976, inaanzia hapo. Tangu 2004 zote mbili zinapatikana bure mtandaoni mahali pamoja, lakini maingizo yamebaki mawili, hivyo utafute neno kwa tahajia zake zote na usome pande zote mbili kabla ya kusema limekufa mwaka gani. Jamieson, aliyetoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1808, bado ana faida kwa mifano, ila asili anazotoa za maneno zisichukuliwe bila kuhakikishwa kwingine.

Na kwa mkosi mdogo, wa maziwa kumwagika na gurudumu kuchomoka, hakuna aliyehitaji majaaliwa. Hapo Kiskoti kilitumia mishanter, ufupisho wa neno la Kifaransa la tukio baya, lile lile lililozaa misadventure ya Kiingereza. Mishanter humpata mtu Jumanne na kusahauliwa Jumatano. Weirdless ni jambo jingine: mtu asiye na fungu, ambaye kila anachoshika hakishiki, na ambaye majirani, wakishachoka kumhurumia, huanza kumwita mzembe. Kamusi humpa maana zote mbili, asiye na bahati na asiye na maarifa ya maisha, katika ingizo moja.